Mkandarasi kwa karatasi, mwajiriwa kwa kazi: namna ya kuitambua ajira iliyofichwa na kudai haki zako

Mkataba unakuita mkandarasi huru, mbia, wakala au mtoa huduma. Ila saa ya kuingia umepangiwa, sare umepewa, ukiugua unaomba ruhusa na ukichelewa unakatwa. Mwisho wa mwezi unaandika ankara kama mfanyabiashara, halafu unalipwa kwa kiwango ambacho hukukipanga wewe wala hukukijadili. Kazi ya namna hiyo mara nyingi ni ajira iliyobadilishwa jina. Jina likibadilika, michango ya hifadhi ya jamii, likizo yenye malipo, malipo ya ugonjwa, saa za ziada na notisi ya kuachishwa vyote vinatoka mezani, na gharama za vitendea kazi zinahamia mfukoni mwako.

Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kujipima, kukusanya ushahidi, kupiga hesabu ya unachodai na kulipeleka dai panapostahili. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Tumetaja za nchi kadhaa kwa sababu kila moja inaonyesha jambo fulani vizuri, lakini mfuatano wa kazi hii ni uleule popote ulipo.

Sahihi yako haijafunga mlango

"Si nilisaini mwenyewe?" Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo ambapo hawakupaswa. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 2006, linasema uamuzi wa kama kuna ajira au hakuna uongozwe kwanza na hali halisi, yaani kazi inafanywaje na mtu analipwaje, hata kama mkataba umeandika vingine. Pendekezo halina nguvu ya sheria lenyewe kwa lenyewe, ila msingi huo umo katika sheria na hukumu za nchi nyingi.

Uingereza ina mifano miwili inayofaa kujulikana. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua shauri la wasafisha magari wa kampuni ya Autoclenz. Mkataba wao ulisema wanaweza kutuma mtu mwingine badala yao na wanaweza kukataa kazi. Mahakama ikaona kwamba vifungu hivyo havikuwa makubaliano ya kweli ya pande mbili, ikaviweka kando. Mwaka 2021, katika shauri la madereva wa Uber, mahakama hiyohiyo ilikwenda mbali zaidi: mkataba ulioandikwa na upande wenye nguvu usiwe hata mahali pa kuanzia, kwa sababu haki zinazodaiwa ziliwekwa na Bunge ili kumlinda yule asiyeweza kujadili masharti.

Kwa hiyo mkataba usome, uuhifadhi, lakini usianze nao. Anza na siku yako ya kazi tangu unapoamka.

Vitu vinavyopimwa

Kipimo cha kwanza ni udhibiti. Udhibiti hauhitaji msimamizi aliyesimama nyuma yako. Programu ya simu inayogawa kazi, inayopanga nauli, inayokushusha daraja ukikataa kazi tatu mfululizo na inayokuficha namba ya mteja inakudhibiti kuliko mnyapara. Katika shauri la Uber lililotajwa, mambo yaliyoizamisha kampuni yalikuwa ya aina hiyo: ndiyo iliyopanga nauli, ndiyo iliyoandika masharti ya mkataba, iliwabana madereva waliokataa safari, ilitumia alama za abiria kuwasimamia, na iliwazuia kujenga uhusiano wao wenyewe na abiria.

Cha pili ni kama unafanya kazi wewe binafsi. Mfanyabiashara wa kweli anaweza kumtuma mtu wake, kumlipa anavyotaka, na kubaki na faida. Ndiyo maana mikataba mingi ya ukandarasi wa kubandika ina kifungu cha "haki ya kutuma mbadala", na kifungu hicho ndicho kinachofaa kuchunguzwa kuliko vyote. Linganisha hukumu mbili za mahakama ileile ya Uingereza. Mwaka 2018 fundi bomba wa Pimlico Plumbers alishinda: mbadala aliyeruhusiwa alitoka ndani ya mafundi wa kampuni hiyohiyo tu, yeye mwenyewe alivaa sare yao na kuendesha gari lenye nembo yao. Mwaka 2023 waendesha baiskeli wa Deliveroo, kampuni ya kusambaza chakula, walishindwa, kwa sababu haki yao ya kumpa mtu mwingine kazi ilikuwa ya kweli; waliweza kuitumia bila kuomba kibali wala kuadhibiwa. Tofauti iko hapo. Kama hujawahi kumtuma mtu na hujui yeyote aliyethubutu, andika hivyo. Kama wenzako hufanya kila siku na ofisi haijali, dai lako lina tundu kubwa, na ni afadhali ulijue leo kuliko siku ya kusikilizwa.

Vingine vinafuata kwa uzito mdogo kidogo: kama wewe ni sehemu ya taasisi (uko kwenye ratiba, kwenye kundi la ujumbe, una barua pepe ya ofisi, unahudhuria vikao), kama unabeba hatari ya hasara na unaweza kuongeza faida kwa akili yako mwenyewe au unaweza tu kuongeza masaa, vifaa ni vya nani, unalipwa kwa mpangilio wa kudumu au kwa kazi iliyokamilika, na mapato yako yanamtegemea nani. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Mwamuzi huvitazama kwa pamoja, kama mtu anayetazama picha nzima badala ya rangi mojamoja.

Kabla ya kwenda mbali, tafuta kama sheria ya nchi yako ina *dhana ya ajira*: ukithibitisha jambo moja au machache, unahesabiwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Hii inageuza kibao. Tanzania inayo, katika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004: inatosha kuonyesha jambo moja kati ya kadhaa, likiwemo kumfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kumtegemea kiuchumi, au kupewa naye vitendea kazi. Afrika Kusini inayo inayofanana nayo, yenye saa 40, ila kwa wanaolipwa chini ya kiwango kilichotangazwa. California tangu Januari 2020 inamtaka mwajiri athibitishe mambo matatu yote kwa pamoja: kwamba hakudhibiti kazi, kwamba kazi iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yake, na kwamba mfanyakazi ana biashara yake halisi ya aina hiyo. Akishindwa moja, ameshindwa yote. (Madereva wa programu za simu walitolewa kwenye kipimo hicho kwa kura ya wananchi ya Novemba mwaka huohuo, jambo linaloonyesha kwamba hata sheria nzuri inaweza kukatwa mguu.) Hispania iliweka dhana kama hiyo mwaka 2021 kwa wanaosambaza chakula na mizigo kwa kupewa kazi kupitia programu za simu. Umoja wa Ulaya umepitisha mwongozo wa kisheria kuhusu kazi zinazogawiwa kupitia majukwaa ya mtandaoni mwaka 2024, na nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuuingiza katika sheria zao.

Angalia pia kama kuna kundi la katikati. Uingereza, mtu anaweza asiwe mwajiriwa kamili lakini akawa na haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, bila kinga ya kuachishwa isivyo halali. Ukiwa katika nchi ya namna hiyo, dai ngazi zote mbili kwa mpangilio: kwanza ajira kamili, na ikishindikana, ile ya katikati. Aliyedai ngazi ya juu peke yake hujikuta amekosa hata alichostahili.

Mambo yanayoonekana kukuumbua lakini hayakuumbui

Kuwa na namba ya mlipakodi kama mfanyabiashara, kuandika ankara na kulipa kodi yako mwenyewe ni alama, lakini alama hafifu, hasa kama ankara zenyewe huandaliwa na ofisi na wewe unabonyeza "kubali" tu. Kutumia simu au pikipiki yako hakukufanyi mfanyabiashara. Kufanya kazi kwa watu wawili hakukuondolei ajira. Watu wana ajira mbili za muda mfupi kila siku. Kutolipwa siku usiyofanya kazi pia hakuthibitishi kitu, kwani vibarua nao hawalipwi.

Kinachokuumbua kweli ni vitu hivi: unapanga bei yako na wateja wanakulipa moja kwa moja, umewaajiri wasaidizi wako, unajitangaza kwa umma, ukiharibu kazi unairudia kwa gharama yako, unakataa kazi mara kwa mara na hakuna kinachotokea. Ukikuta matatu kati ya hayo ni kweli, huenda wewe ni mfanyabiashara, na nguvu zako uzielekeze kwenye kudai malipo yaliyocheleweshwa na masharti bora ya mkataba.

Kukusanya ushahidi wakati bado uko ndani

Hapa ndipo madai yanaposhinda au kufa. Siku akaunti yako inapofungwa, ratiba, jumbe na rekodi za malipo zinaondoka nayo. Kwa hiyo ushahidi ukusanywe kabla ya kumuuliza mwajiri swali lolote. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na ugomvi, wanafungiwa Ijumaa, Jumatatu wanatafuta jumbe ambazo hawazioni tena.

Weka daftari la kila siku kwa wiki 4 hadi 8. Kila siku mistari mitano inatosha: saa uliyoanza na uliyomaliza, ukihesabu na muda wa kusubiri; nani alikupa kazi na kwa njia gani; agizo lolote la namna ya kufanya kazi; ulichotumia mfukoni mwako; na jambo lolote la nidhamu, ruhusa au katizo. Andika siku hiyohiyo. Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja usiku mmoja linajulikana kwa macho.

Katika kuandika saa, chagua mtindo mmoja. Ama saa za Kiswahili, ama zile za simu. Rekodi za mfumo zitakuja na 07:10 huku daftari likisema saa 1:10, na ukichanganya mitindo miwili ndani ya daftari lilelile, tofauti ya saa 6 inayojitokeza hapa na pale inampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kulitilia shaka daftari zima. Sisi tungechagua za simu.

Jumbe za kundi zihamishe kwa njia ya programu yenyewe ya kuhamisha mazungumzo, halafu upige na picha za skrini za zile muhimu. Picha ionyeshe tarehe, jina la kundi na namba ya aliyetuma. Ujumbe uliokatwa juu na chini hauna maana. Jumbe zenye thamani kubwa ni zile fupi zisizofikiriwa: "Kesho wote saa 1 kamili", "Nani amekuruhusu kuondoka?", "Huwezi kumleta ndugu yako, njoo mwenyewe". Ujumbe mmoja wa namna hiyo unakizika kifungu kizima cha mbadala.

Pakua taarifa za benki au za pesa kwa simu za miezi yote unayoweza, walau 12. Hifadhi mikataba yote, hata ile iliyofutwa, kwa kuwa mkataba uliobadilishwa kutoka "ajira" kwenda "huduma" huku kazi ikibaki ileile ni ushahidi mzito. Piga picha sare, kitambulisho, gari lenye nembo. Hifadhi tangazo la kazi lililokuleta pale. Mara nyingi limeandika "tunaajiri" na "mshahara" bila aibu. Tafuta kama kuna mtu mwenye mkataba wa ajira anayefanya kazi ileile kando yako.

Nakala zote ziweke nje ya vifaa vya ofisi: barua pepe yako binafsi na sehemu nyingine moja.

Na usichukue visivyokuhusu. Orodha za wateja, bei za siri, nyaraka za watu wengine na mafaili uliyoyafungua kwa nywila isiyo yako vitageuza shauri la haki zako kuwa shauri la wizi. Kurekodi mazungumzo bila kumwambia mwenzako ni kosa la jinai katika baadhi ya nchi, uliza kwanza. Badala yake, baada ya mazungumzo ya mdomo tuma ujumbe mfupi: "Kama tulivyoongea leo, umeniambia siwezi kuchukua wiki ya likizo kwa sababu hakuna wa kushika zamu yangu." Akijibu "sawa", au hata akikaa kimya, una kitu mkononi.

Piga hesabu kabla ya kusema

Dai lisilo na tarakimu halisikilizwi kwa umakini. Anza na malipo halisi kwa saa. Tuseme kwa wiki umelipwa 400. Mafuta 60, vifurushi vya intaneti 10, kodi ya kifaa 20: jumla ya gharama 90. Umebaki na 310. Saa zenye kazi ni 38, lakini ulikuwa umewasha programu na kusubiri kwa saa 10 zaidi, hivyo ni 48. Gawanya 310 kwa 48: unapata takriban 6.46 kwa saa. Kampuni yenyewe itagawanya 400 kwa 38 na kutangaza 10.53. Ubishi wenu wote umo katikati ya tarakimu hizo mbili, kwa hiyo weka jedwali linaloonyesha kila hatua, na onyesha hesabu mara mbili, moja ikiwa na muda wa kusubiri na nyingine bila, kwa sababu sheria ya nchi yako inaweza kuuhesabu wote, sehemu yake au kuukataa. Kisha linganisha na kima cha chini cha sekta yako, wiki kwa wiki.

Likizo ni sehemu inayosahauliwa na yenye fedha nyingi. Chukua wastani wa malipo ya wiki, zidisha kwa wiki za likizo ambazo sheria inampa mwajiriwa kwa mwaka, zidisha kwa miaka uliyofanya kazi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2017 iliamua shauri la muuza madirisha aliyeitwa amejiajiri kuanzia 1999 hadi 2012, akilipwa kamisheni tu. Likizo ambazo mwajiri hakuwa tayari kuzilipia hazikufa kwa kupita miaka, na alistahili kuzidai kazi ilipokwisha. Si kila nchi inarudi nyuma kiasi hicho. Nyingi zina kikomo cha miaka, na kikomo hicho kiandike juu kabisa ya jedwali lako.

Michango ya hifadhi ya jamii iweke kwenye safu yake. Marekani inaonyesha wazi fedha zinavyohama: aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya kodi ya hifadhi ya jamii na tiba ya wazee, ilhali mwajiriwa hulipa 7.65 na mwajiri wake analipa 7.65 nyingine. Kubadilishwa jina kwenye karatasi kumekuongezea maradufu. Kisha ongeza saa za ziada, makato yaliyofanywa kama "faini", amana ya sare na gharama ulizobeba kwa niaba ya biashara ya mtu.

Kuuliza kwa maandishi

Usijiuzulu. Ukijiuzulu unapoteza mapato, unapoteza nafasi ya kukusanya ushahidi, na katika sheria nyingi unapunguza unachoweza kudai kuhusu kuachishwa. Usikatae kazi ghafla pia, maana utakuwa unathibitisha kwamba unaweza kukataa.

Zungumza kwanza na chama cha wafanyakazi cha sekta yako. Vyama vingi sasa vinapokea watu wanaoitwa wakandarasi. Ukiweza kwenda na wenzako wawili watatu wenye hali ileile, nendeni pamoja. Ni vigumu zaidi kumfungia mmoja na kusema ni suala la utendaji wake. Baadaye andika barua fupi isiyo na hasira. Kwa mfano:

"Nimefanya kazi kwenu tangu tarehe (…). Napangiwa zamu na (…), nalipwa kwa viwango mlivyoweka, natumia vifaa vyenu vya (…), na sijaruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yangu. Naona hali hii ni ya ajira. Naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14: mnanihesabu kuwa nani kisheria na kwa sababu zipi, kama michango ya hifadhi ya jamii imelipwa kwa ajili yangu, na utaratibu wa kupata likizo yenye malipo. Ninaendelea na kazi kama kawaida, na barua hii haifuti dai langu lolote la nyuma."

Usitaje ushahidi ulionao wala kiasi cha fedha. Barua ina kazi mbili tu, kupata jibu la maandishi na kuweka tarehe. Tarehe hiyo ni muhimu: ukifungiwa wiki inayofuata, mfuatano wa matukio unajieleza wenyewe, na nchi nyingi zinakataza kumwadhibu mtu kwa sababu ameuliza haki zake.

Majibu ya kawaida ni matatu. Kimya. "Soma mkataba wako." Au mkataba mpya wa kusaini leo hii. Huo wa tatu ndio hatari. Chukua nakala, sema utausoma, usisaini papo hapo. Wakati mwingine unatakiwa kusajili kampuni yako ili uendelee kulipwa. Kampuni ya mtu mmoja yenye mteja mmoja haikufanyi tajiri, ila inaongeza ukuta mmoja zaidi wa kuubomoa mahakamani. Ukilazimika kusaini ili ule, tuma ujumbe siku hiyohiyo ukisema umesaini ili kuendelea na kazi na kwamba hali ya kazi haijabadilika.

Mlango wa kubisha, na saa inayokimbia

Kuna njia mbili na mara nyingi unaweza kutumia zote.

Njia ya kwanza ni ofisi ya serikali inayoamua hadhi yako au kukagua. Ujerumani ina utaratibu maalum katika taasisi ya pensheni, Deutsche Rentenversicherung Bund: yeyote kati ya pande mbili anaomba itamke kama kazi hiyo ni ajira. Kwa Marekani kuna fomu SS-8 ya mamlaka ya kodi, IRS, isiyo na ada. Jibu linaweza kuchukua miezi 6 au zaidi. Kwingine utaanza na ofisi ya kazi au mfuko wa hifadhi ya jamii. Ubaya wa njia hii ni kwamba ofisi hukusanya michango yake na kodi yake, lakini mara nyingi haikulipi wewe likizo wala mshahara pungufu. Uzuri wake ni kwamba barua yake unaibeba kwenda njia ya pili. Ufaransa inaiona ajira iliyofichwa kwa makusudi kama jinai, kifungo hadi miaka 3 na faini ya euro 45,000 kwa mtu binafsi, na mfanyakazi ambaye uhusiano wake umekatika anaweza kudai fidia ya mshahara wa miezi 6.

Njia ya pili ni tume ya usuluhishi au mahakama ya kazi. Hapa adui mkubwa ni kalenda. Tanzania, dai la kuachishwa kazi lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya 60. Afrika Kusini ni siku 30 kwa kuachishwa. Ujerumani ni wiki 3 tangu upokee barua ya kuachishwa. Hispania ni siku 20 za kazi. Watu hupoteza dai zuri kwa sababu walikuwa "bado tunaongea na bosi". Mazungumzo kwa kawaida hayasimamishi saa. Wasilisha fomu, kisha endelea kuzungumza. Kufungiwa akaunti kuhesabu kuwa ni kuachishwa, na uhesabu siku tangu siku hiyo, hata kama hawajakuandikia lolote. Ukichelewa, omba kuongezewa muda mara moja na ueleze kila siku iliyochelewa. Sababu ya jumla haikubaliwi.

Kwenye fomu, andika jina sahihi la unayemdai. Linaonekana dogo, lakini limeangusha wengi: mkataba una jina la kampuni moja, malipo yanatoka kwa nyingine, sare ina nembo ya tatu, na katikati kuna wakala. Toa nakala ya usajili wa kila mmoja na, kama utaratibu unaruhusu, wataje wote. Atakayebaki peke yake bila mali ndiye watakayekusukumia.

Siku ya kusikilizwa utaulizwa mambo mepesi: ulikuwa unafanya nini usipopenda zamu? Uliwahi kumtuma nani? Nani alipanga bei? Jibu kwa tukio na tarehe. "Walinidhibiti sana" ni maoni. "Machi 3 nilikataa zamu ya usiku, Machi 4 sikupewa kazi, na ujumbe ni huu" ni ushahidi. Kama kuna siku ulikataa kazi na hakuna kilichotokea, kubali. Shahidi anayekubali dogo lisilompendeza huaminiwa kwenye kubwa.

Kodi: usiingie ukiwa umefumba macho

Kama kwa miaka uliondoa gharama kwenye kodi yako ukiwa "mfanyabiashara", mwajiri atalitaja. Kwa kawaida halikuangushi, maana ulifuata karatasi uliyopewa, lakini ukishinda mamlaka ya kodi inaweza kurekebisha hesabu za miaka hiyo na baadhi ya gharama zikakataliwa. Mpe mhasibu tarakimu zako kabla ya kufungua dai. Kama hukuwahi kutangaza mapato kabisa, hilo litatue kwanza. Usilisubiri litokee kwenye maswali ya wakili. Michango iliyorukwa mara nyingi huangukia zaidi mwajiri: Ujerumani, sehemu ya mfanyakazi ambayo haikukatwa inaweza kukatwa baadaye kwenye malipo 3 tu yanayofuata, na baada ya hapo mwajiri ameibeba.

Wakikupa suluhu

Mashauri mengi huishia kwenye suluhu, mara nyingi wiki moja kabla ya kusikilizwa. Soma mambo manne kabla ya kusaini. Kiasi ni kabla au baada ya kodi, na nani anailipa. Kinalipwa lini, na kama ni kwa awamu, kuchelewa kwa awamu moja kunafanya deni lote lidaiwe mara moja au la. Unaacha madai gani: kuacha "madai yote ya sasa na yajayo" kunaweza kujumuisha ajali uliyoipata kazini ambayo hujaidai bado. Na michango ya hifadhi ya jamii imeandikwa kwa kiasi na miezi, au imeachwa hewani. Kifungu cha usiri kisikuzuie kuzungumza na ofisi za serikali, daktari wako au chama chako. Omba maneno hayo yaongezwe.

Hundi ikishaingia, kazi haijaisha. Miezi mitatu baadaye omba taarifa ya michango kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii na uikague mwezi kwa mwezi ukiwa na nakala ya makubaliano mkononi. Mwezi usioonekana, uandikie mfuko na mwajiri barua siku hiyohiyo.